MCHEZO WA NJE NI HAKI YA MTOTO WA MFANYAKAZI
Gitaza yahitaji uwanja, kivuli na mlezi



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mishahara, saa za kazi, bima na likizo. Leo twapenda kuzungumza habari za mchezo wa watoto wadogo, wale ambao bado hawajafikia umri wa kuanza shule. Huenda baadhi ya ndugu wakauliza: mchezo wa watoto una uhusiano gani na chama cha wafanyakazi?

Jibu letu ni hili. Mtoto wa miaka mitatu hachagui mahali pa kushinda. Anashinda pale kazi ya mzazi wake inapompeleka, au pale inapomwacha. Kama mama anashinda mwaloni akianika ndagala, mtoto naye yuko hapo hapo, mgongoni au kando ya ndoo. Kama mama ameondoka alfajiri kupeleka samaki Bujumbura, mtoto anabaki na dada yake mwenye miaka minane, au anafungiwa ndani mpaka mama arudi. Kwa hiyo saa za kazi za mzazi ndizo zinazopanga saa za mchezo wa mtoto, na kila jambo linalohusu saa za kazi ni jambo letu.

Tumechagua Gitaza iwe mfano wetu, kwa sababu hapo shida hii yaonekana wazi. Lakini ndugu wa Rumonge, wa Nyanza-Lac na wa miale mingine ya Tanganyika watayatambua mambo yao katika maneno haya.

MAHALI PENYEWE

Gitaza iko katika eneo la Muhuta, kusini ya Bujumbura, juu ya barabara kuu namba 3 iendayo Rumonge. Msafiri atokaye Bujumbura hupita kwanza Mugere, penye lile jiwe la Livingstone na Stanley, kisha milima huanza kulisogelea ziwa. Huku ni maji ya Tanganyika, huku ni mlima uliosimama kama ukuta, na katikati ni kipande chembamba cha ardhi. Kipande hicho ndicho kinachogombaniwa na barabara, nyumba, soko na mwalo.

Kipande hicho nacho chazidi kupungua. Mwishoni mwa mwezi wa Machi 2015 udongo wa mlimani uliporomoka juu ya Gitaza, nyumba zikabomoka na barabara ikakatika. Kwa upande wa ziwa, maji yalipanda mwaka 2021, yakapanda tena mwaka 2024 hata kukaribia kile kiwango kinachokumbukwa cha mwaka 1964, yakaingia katika nyumba za watu pwani nzima. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa ziwa hili. Sheria hiyo ni ya haki, ila yatukumbusha kwamba ardhi ya kukaa watu ni kidogo sana. Kila mita tambarare ina mwenyewe. Mtoto mdogo, ambaye hana cheti cha ardhi wala sauti katika mkutano, hubakiwa na ukingo wa barabara na ukingo wa maji.

Tazameni pia ratiba ya kazi. Wavuvi wa ndagala na mukeke huingia ziwani jioni, usiku usio na mwezi, wakiwavuta samaki kwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Alfajiri vyombo hurudi, na hapo ndipo kazi ya akina mama inapoanza: kupima, kununua, kubeba, kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru, kuuza. Baba amekesha, hivyo amelala. Mama yuko mwaloni mpaka mchana. Na hizo saa za asubuhi ndizo ambazo mtoto mdogo yu macho kabisa, ana nguvu, na anataka kujua kila kitu. Ndizo saa asizokuwa na mtu.

ANACHOJIFUNZA MTOTO NJE

Wapo wanaosema kwamba mchezo ni kupoteza wakati, na kwamba mtoto wa miaka mitatu yafaa akae benchini akinakili herufi. Twawaheshimu wazazi hao kwa kuwa wanapenda elimu, lakini twawaomba watazame vizuri kile anachokifanya mtoto akiwa nje.

Kwanza ni mwili. Mtoto anayepanda kilima kidogo, anayeruka mfereji, anayevuta tawi na kubeba mchanga katika kopo anajenga bega, mgongo na miguu. Vidole vinavyoshika kalamu vinalitegemea bega lililokwisha pata nguvu. Mtoto aliyekaa kitako tangu utotoni atachoka upesi benchini, na mwalimu atadhani ni mvivu, kumbe mwili wake haukuandaliwa. Vivyo hivyo mizani ya mwili: haipatikani kwa kuambiwa, hupatikana kwa kupita juu ya gogo, kuyumba, kuanguka na kuinuka.

Pili ni macho. Huko Guangzhou, China, shule 12 zilifanyiwa jaribio lililotangazwa mwaka 2015. Watoto wa darasa la kwanza katika shule 6 waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, walioanza kuwa na shida ya kuona mbali walikuwa asilimia 30.4, na katika shule nyingine 6, ambazo hazikuongeza kitu, walikuwa asilimia 39.5. Mwanga wa jua na kutazama mbali, vitu ambavyo Gitaza imejaliwa bure, ni dawa ya macho.

Tatu ni akili. Mpeni mtoto ganda la mgomba, ataunda mtumbwi. Atauweka katika karai la maji, ataupakia mawe, utazama. Atapunguza jiwe moja, utaelea. Hapo amefanya hesabu, na amefanya elimu ya vitu, bila daftari. Akikusanya kokwa za michikichi, kubwa upande huu na ndogo upande huu, ameanza kupanga na kulinganisha. Akisokota mpira wa majani makavu ya migomba na kuufunga kamba, amejifunza kwamba kitu kilichofungwa ovyo hufumuka.

Nne ni ujirani. Katika mchezo wa baba na mama, au wa soko, watoto hugawana kazi: huyu muuzaji, huyu mnunuzi, yule ndiye mwenye mtumbwi. Hugombana juu ya bei, hupatana, huweka sheria na kumkemea anayeivunja. Mtoto wa nyumba ya Kirundi huokota Kiswahili, na wa nyumba ya Kiswahili huokota Kirundi, wala hakuna anayelipa ada. Sisi wanachama twajua ni kazi gani kukaa pamoja, kusikilizana na kuheshimu zamu. Mazoezi yake huanza hapo mchangani. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

HABARI YA MBELEKO

Mwezi wa Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Lilisema kwamba mtoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi minne anahitaji dakika zisizopungua 180 za kujinyoosha na kuchezacheza kila siku, yaani saa tatu, zikigawanywa katika siku nzima. Kwa mwenye miaka mitatu au minne, dakika 60 kati ya hizo ziwe za mchezo wa nguvu, wa kukimbia na kuruka. Mtoto mchanga asiyetambaa alazwe kifudifudi kwa jumla ya nusu saa kwa siku, akiwa macho, ili anyanyue kichwa. Tena mwongozo huo ulisema kwamba mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mfululizo, iwe katika kigari, katika kiti, au mgongoni mwa mlezi.

Mgongoni! Neno hilo twataka lieleweke vizuri, lisije likawa fimbo ya kuwapigia akina mama. Mbeleko ni kitu chema. Humpa mtoto joto, humtuliza, humweka karibu na ziwa la mama. Kinachodhuru ni wingi wa saa. Mama anayeanika ndagala hamfungi mtoto mgongoni saa sita kwa sababu hajui malezi. Anamfunga kwa sababu hana pa kumshusha. Chini kuna mchanga wa moto, ndoana, maji na magari. Anayetaka mtoto huyo ashuke mgongoni ni lazima kwanza aonyeshe mahali pa kumweka.

Mara nyingi mgongo unaotumika ni wa dada mdogo. Tangu mwaka 2005 shule ya msingi katika Burundi haina ada, na hilo ni jambo kubwa. Lakini msichana wa miaka minane aliyebeba mdogo wake asubuhi nzima hafaidiki na shule isiyo na ada. Hivyo kukosekana kwa mahali pa mchezo kunawanyima watoto wawili kwa mpigo: mdogo ananyimwa mchezo wake, mkubwa ananyimwa darasa lake.

HATARI ZIPO, NA DAWA YAKE IPO

Hatuwezi kusifu mchezo wa nje tukanyamaza juu ya hatari. Ziwa lina mawimbi, lina viboko na mamba. Maji ya pwani ya Rumonge yamebeba kipindupindu mara kwa mara, na penye majani na maji yaliyotulia kuna kichocho. Barabara ina malori na mabasi yanayokwenda mbio. Mzazi anayemfungia mtoto ndani haogopi bure.

Lakini kufungia si dawa ya kudumu, kwa kuwa siku moja mlango utasahauliwa wazi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya vifo vya kuzama maji, na moja ya hatua ilizozipendekeza ni kuwapatia watoto wasiofika umri wa shule mahali salama, mbali na maji, penye mlezi anayeweza kazi.

Jambo hili lilikwisha jaribiwa Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi. Huko ilionekana kwamba watoto wadogo wengi huzama asubuhi, wakati wazazi wamo katika shughuli. Basi wakaanzisha vijijini vituo viitwavyo “anchal”. Mwanamke wa kijiji, aliyefundishwa, hupokea watoto wapatao 25 wa mwaka mmoja hadi mitano, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, siku sita kwa juma, akiwachezesha na kuwaimbisha. Vifo vya kuzama miongoni mwa watoto waliopelekwa huko vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hakukuwa na mashine wala jengo la gharama. Kulikuwa na mtu mzima anayejulikana, mahali panapojulikana, katika saa za kazi. Saa hizo ndizo hizo hizo za kuanika ndagala.

Ndugu wengine husema: mbona sisi tulicheza bila mlezi na tukakua? Ni kweli. Lakini wakati huo nafasi ilikuwa kubwa, magari yalikuwa machache, na nyumbani alikuwapo bibi au shangazi aliyewaona watoto wote wa mtaa. Leo bibi naye yuko sokoni. Jicho lililotulea bila malipo halipo tena, basi na tuliweke jingine, tulilipe.

WAFANYAKAZI WENGINE WALIVYOFANYA

Madai haya si mapya katika historia ya wafanyakazi. Huko Uingereza, Margaret McMillan alikuwa mpiganaji wa Independent Labour Party, chama kilichoundwa Bradford mwaka 1893, na mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia katika bodi ya shule ya mji huo. Yeye na dada yake Rachel waliwaona watoto wa wafanyakazi wa viwandani wakidhoofika katika vyumba vyenye giza. Mwaka 1914 wakafungua huko Deptford, London, shule ya watoto wadogo iliyokuwa bustani: vibanda vilivyo wazi kwa upepo, miti, maua, mchanga, maji ya kuogea, chakula, na kulala mchana nje. Rachel alifariki mwaka 1917, na shule ikachukua jina lake. Mwaka 1918 sheria ya elimu ya Uingereza ikaziruhusu serikali za mitaa kusaidia shule za namna hiyo kwa fedha za umma. Yaani lililoanzishwa katika kiwanja kimoja cha mtaa wa maskini lilifika bungeni.

Mwaka 1943, katikati ya vita, huko Emdrup katika mji wa Copenhagen, Denmark, watoto walipewa uwanja wenye mbao, matofali na vitu vilivyotupwa, wajenge watakavyo. Fikra hiyo ilikuwa ya msanifu wa bustani C. Th. Sørensen, aliyewaona watoto wakifurahia zaidi kucheza na mabaki kuliko na bembea za kununuliwa.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki, miaka ya 1980, Mombasa ilianzisha mpango wa chekechea za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, akiongozwa katika ualimu na Bi Swafiya Said. Mpango huo ulifika Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa akina mama wa mtaa huo huo, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya mahali: vifuu, mbegu, vizibo, vitambaa, makopo. Basi asituambie mtu kwamba mchezo ni anasa ya wenye fedha.

MCHEZO NA KAZI VISICHANGANYWE

Yapo mazoea ya kusema kwamba mtoto anayevuta wavu au kubeba karai la samaki “anacheza tu”. Tutenganishe mambo haya. Mtoto anayemwiga mama yake kwa kuanika majani juu ya mchanga anacheza, kwa sababu anaweza kuacha apendapo. Mtoto anayeanika ndagala za kuuzwa, naye atagombezwa akiacha, huyo anafanya kazi. Burundi ilitia sahihi Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2000, ikataja miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Burundi iliukubali mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Na tangu mwaka 2024 Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 11 Juni kuwa siku ya kimataifa ya mchezo. Siku inayofuata, tarehe 12 Juni, ni ile siku ya kupinga kazi za watoto. Siku hizo mbili zafuatana, nasi twaona zafaa kuadhimishwa pamoja, maana mtoto aliyenyang'anywa mchezo huwa tayari amekwisha tupiwa kazi.

TUNAYODAI NA TUNAYOWEZA KUFANYA

Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye wajibu wa familia. Unasema kwamba huduma za kulea watoto zizingatiwe katika mipango ya jamii. Kwa msingi huo twapendekeza kwa matawi yetu ya pwani mambo haya:

1. Kila mwalo na kila soko lipatiwe uwanja wa watoto, mbali na maji, mbali na barabara, na mbali na mteremko unaoporomoka. Usiwe mkubwa. Hatua 30 kwa 20 zatosha kuanza. Uzungushiwe ua wa matete au wa miti hai.

2. Uwanja uwe na kivuli cha mti, mchanga mkavu, gogo la kupanda, maji safi na sabuni ya kunawia, na choo. Vya kuchezea vitengenezwe na wazazi wenyewe kwa vitu vya mahali.

3. Wawepo walezi wawili kwa kila uwanja, wafundishwe, na walipwe. Twasisitiza neno kulipwa. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kujenga kituo juu ya jasho la bure la mwanamke mwingine.

4. Sehemu ya kodi inayotozwa sokoni na mwaloni irudi kuulea uwanja huo. Wenye vyombo wanaweza kuchangia kipimo kidogo cha samaki kila wanapotoka ziwani.

5. Katika siku za mwezi mpevu, ambapo taa haivuti samaki na vyombo hupumzika, akina baba wachukue zamu uwanjani. Mtoto anahitaji pia kumwona baba yake akiwa macho.

6. Dada wakubwa warudi darasani. Tawi lolote litakalofungua uwanja lihesabu, pamoja na watoto wadogo waliopokelewa, wasichana walioachiliwa mizigo yao.

Hayo hayahitaji kungoja jengo wala mgeni atokaye mbali. Yahitaji mkutano mmoja wa akina mama waanikaji, wenye vyombo, walimu na viongozi wa mtaa, wakae chini wachague mahali. Katika Gitaza mahali hapo patakuwa padogo, na patagombaniwa na wengi. Ndiyo sababu lazima padaiwe na wengi pamoja, kwa sauti moja, kama tudaivyo mshahara.

Mwanachama asomaye haya alipeleke jambo hili katika mkutano ujao wa tawi lake, liandikwe katika ajenda, na majina ya walio tayari kusaidia yaorodheshwe siku hiyo hiyo. Umoja ni nguvu.